Vitunguu vya Porini: Maswali Yanayoulizwa Kila Mvua Ikianza

Kitalu chetu kiko upande wa Kiamunyi, Nakuru, ukingo wa Menengai ukiwa mbele yetu. Kazi yetu ni miche: miti ya kienyeji, matunda, mboga kidogo. Lakini mvua ndefu zikishanyesha wiki mbili hivi, watu huacha kuja kununua na huanza kuja kuuliza. Wanakuja na vitu kwenye mifuko ya kaki, kwenye kofia, mmoja alikuja navyo kwenye sufuria yenye kifuniko. Walio mbali, Kisumu, Kakamega, Bungoma, hutuma picha. Swali lao ni lile lile: hiki si kitunguu? Tumeyaandika hapa majibu ambayo mwaka mzima tunayarudia mlangoni.

Huku kwetu kuna kitunguu pori cha kweli?

Nimechimba sana pori la huku, na kitunguu cha kweli, yaani ndugu wa damu wa kile cha sokoni, sijakutana nacho hata mara moja.

Vitunguu vyote, pamoja na kitunguu saumu na liki, ni vya jenasi moja, yaani kundi la mimea ya undugu wa karibu, inayoitwa Allium. Ina spishi zaidi ya 900, na karibu zote ziko nusu ya kaskazini ya dunia: kuanzia pwani za Mediterania, kupita Uturuki na Iran, hadi milima ya Asia ya Kati, kisha tena ng'ambo huko Amerika Kaskazini. Afrika tulimegewa kidogo. Kuna zilizo kaskazini karibu na bahari, kuna za upande wa Ethiopia na jirani zake, halafu unaruka karibu bara zima mpaka Afrika Kusini, ndipo unaikuta Allium dregeanum iko peke yake kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Nakuru, Kisumu na magharibi yote tuko katikati ya pengo hilo.

Kwa hiyo mtu akikwambia ameona vitunguu pori Menengai au Seme, usimbishie. Muulize tu: vilinuka?

Basi hivi ninavyochimba shambani ni vitu gani?

Ni matunguu. Kiswahili kimetufaa hapa, kwa maana tuna neno *tunguu* kwa lile umbo la chini ya ardhi lenye maganda yaliyofunikana, hata kama mmea wenyewe si kitunguu. Mimea mingi sana ina tunguu. Ni ghala. Jua likiwaka miezi mitatu, moto ukipita juu ya majani makavu, ng'ombe wakikwangua kila kitu, mmea umejificha chini na maji yake na chakula chake. Mvua ikigonga, unatoka. Ndiyo maana vyote huonekana wiki moja, na ndiyo maana nyinyi nyote mnakuja wiki moja.

Yale tunayoletewa zaidi ni haya.

La kwanza ni lile ua jekundu la mviringo, Scadoxus multiflorus. Ukilijua hulisahau: bua moja limesimama bila jani, juu yake mpira mwekundu wa vijiua vyembamba vinavyoweza kufika 200, kama brashi ya kusugulia chupa iliyotumbukizwa kwenye rangi. Huchanua mvua zinapoanza, kwenye mawe ya volkano, chini ya leleshwa, kando ya vichaka. Shida si wakati lina ua. Shida ni baadaye, ua likishakauka na majani mapana yakitoka, shina la chini likiwa na madoadoa ya zambarau. Hapo mtu aliyelipita kwenye maua halitambui tena, na akichimba anaona tunguu jeupe limenona. Lina sumu, tunguu lenyewe zaidi ya yote. Katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kutilia sumu mishale na kulewesha samaki.

La pili ni lile kubwa la nchi kavu, Drimia altissima. Ukishuka Mogotio kuelekea Baringo ndiyo nchi yake. Tunguu laweza kufika ukubwa wa kichwa cha mtoto, na mara nyingi nusu yake iko nje ya udongo, maganda makavu juu, kwa hiyo hata huna haja ya kuchimba ili udanganyike. Bua la maua hutangulia majani, na laweza kupita kimo cha mtu, maua meupe-kijani yamepangana mamia. Sumu yake inagusa moyo.

La tatu ni Crinum, yale maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi ambayo utayaona kwenye nyanda za udongo mweusi zinazotuama maji. Ukipasua jani lake polepole, vipande viwili hubaki vimeshikana kwa nyuzi laini kama utando wa buibui. Jaribu siku moja, inapendeza. Kisha nawa mikono.

Halafu kuna kundi la vidogo, Ledebouria na Albuca na wenzao, vyenye tunguu la ukubwa wa kitunguu saumu au chini ya hapo. Ledebouria mara nyingi ina majani yenye mabaka kama ngozi ya chui. Hivyo ndivyo watoto huchimba wakichunga.

Jambo ambalo watu hukataa nikiwaambia ni hili: ua jekundu, Crinum na kitunguu cha jikoni ni wa ukoo mmoja, Amaryllidaceae. Ni mabinamu kabisa. Mmoja aliingia kwenye sufuria, mwingine akaingia kwenye podo la mishale.

Ndago je? Nayo ni kitunguu?

Hapana. Ndago ni magugu ya jamii ya mafunjo, na vile vifundo vya chini ni viazi vyake, si tunguu. Hakuna maganda ndani. Ukikikata ni kigumu kimoja. Una ndago shambani? Pole.

Nitajuaje kwa hakika kama nilicho nacho ni kitunguu au la?

Mama mmoja kutoka Bahati alituletea matunguu sita. Alikuwa ameshayaosha, ameyamenya ganda la nje, yako meupe yanang'aa, na kusema kweli hata mimi kwa mbali ningesema ni vitunguu vya kizungu vya dukani. Alikuwa anauliza kama vikaangwe au vichemshwe. Nikachukua kisu, nikakata kimoja katikati juu ya kipande cha mbao.

Macho hayakuwasha. Pua haikusikia kitu, labda harufu ya nyasi mbichi kidogo. Kwenye kisu kulibaki utelezi unaovutika kama mrenda uliokolea magadi. Baada ya dakika chache kiganja kikaanza kuniwasha, kwa sababu matunguu ya namna ile yana vijisindano vidogo sana ndani ya ute, vya fuwele, vinavyochoma ngozi. Mama akaniangalia ninavyojikuna, akafunga mfuko wake. Hakuuliza tena habari ya kukaanga.

Hilo ndilo jaribio lenyewe. Kila kitunguu cha kweli, awe wa porini au wa shambani, ukiponda jani au ukikata tunguu lazima kinuke kitunguu. Kisiponuka si kitunguu, hata kama umbo linafanana vipi. Lazima vyote viwili viwepo, umbo na harufu.

Lakini jihadhari na mikono yako. Ukitoka kukaanga vitunguu nyumbani ukaenda kuponda majani shambani, kila jani litanuka kitunguu, hata la mhindi. Osha mikono kwa sabuni, tumia kisu kilichooshwa, mpe na mtu mwingine anuse. Na hili halitaki kuonja. Tafadhali. Kuna mzee mmoja aliniambia yeye huonja "kidogo tu kwa ncha ya ulimi". Nilimwambia, mzee wangu, ile sumu haijui ncha wala kitako.

Picha ya simu haitoshi, na zile programu za kutambua mimea msizitegemee kwa jambo la kula. Nimeipa moja picha ya tunguu la ua jekundu lisilo na ua, ikanijibu kwa ujasiri mkubwa kwamba ni kitunguu.

Kwa nini kitunguu kinanuka na kutoa machozi, na hivi vingine havifanyi hivyo?

Kitunguu hufyonza salfa kutoka kwenye udongo na kuitunza ndani ya chembe zake katika hali isiyonuka. Mahali pengine ndani ya chembe hiyo hiyo kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kubadili kemikali, na hivyo viwili vimetenganishwa kwa ukuta. Kisu kikipita ukuta unapasuka, vitu viwili vinakutana, na papo hapo mvuke unatoka. Kitunguu kizima hakinuki sana, ila ukikikata nyumba nzima inajua.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kimeng'enya kimoja ndicho kinachofanya yote. Mwaka 2002 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba kuna cha pili, ambacho kazi yake hasa ni kutengeneza ule mvuke unaoliza macho. Kwa mmea, yote ni silaha: mnyama anayeng'ata mara moja asirudi mara ya pili. Mabinamu wa huku hawakuchagua njia ya salfa. Wao walichagua sumu isiyonuka, na hiyo ndiyo hatari yake, kwamba hakuna kengele inayolia kabla hujameza.

Kitunguu pori halisi kinaishi mahali pa namna gani?

Hili swali nalipenda kuliko yote, ingawa linaulizwa na wachache.

Anza na kile cha misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, Allium tricoccum. Fikiria msitu wa miti inayopukutisha majani yote majira ya baridi. Kakamega haiko hivyo, chini ya miti yetu ni kivuli Januari hadi Desemba. Kule, theluji ikiyeyuka, kuna wiki chache ambapo miti bado iko uchi na jua linafika hadi sakafuni. Kitunguu hiki kimeishi kwa hizo wiki chache. Hutoa majani mawili au matatu mapana, laini, karibu Aprili, kikusanye mwanga haraka haraka, na miti inapofunika juu majani yake yanageuka njano na kufa. Ua hutoka baadaye, peke yake, bila jani. Mbegu yaweza kukaa zaidi ya mwaka kabla ya kuota, na mche huchukua miaka 5 hadi 7 kufikia utu uzima.

Sasa fikiria watu wanaokipenda wakija na magunia. Mkoa wa Quebec huko Kanada ulipiga marufuku kukiuza mwaka 1995, na mtu wa kawaida akaruhusiwa matunguu 50 tu kwa mwaka ya kula nyumbani. Ukihesabu ule mwendo wa miaka saba, sheria hiyo si kali hata kidogo. Mji wa Chicago wenyewe ulipata jina kutokana na kitunguu hiki: wenyeji wa asili, waliosema lugha ya Miami-Illinois, walikiita shikaakwa, na kilijaa kando ya mto wa pale. Ni kama Nakuru ingeitwa Terere.

Ulaya wana ndugu yake, Allium ursinum. Huyu hupenda misitu yenye unyevu, na mwezi wa tano hutandaza maua meupe sakafu nzima ya msitu, unasikia harufu ya saumu kabla hujaona kitu. Uingereza, kikionekana kwa wingi ni dalili kwamba msitu ule ni wa kale, haujafyekwa kwa karne nyingi, maana hakina haraka ya kuhamia msitu mpya. Kila mwaka watu wa huko nao hukosea. Katikati ya majani hayo huota mimea mingine inayofanana nayo, mmoja wapo Colchicum autumnale, wenye sumu iitwayo kolchisini. Mchumaji ameshika majani kumi ya kitunguu, mkono umeshanuka, la kumi na moja hajali kulinusa upya. Watu wamekufa hivyo. Ndiyo maana nimesisitiza habari ya mikono.

Wa tatu ni wa mawe. Kitunguu chetu cha jikoni, Allium cepa, hakijulikani kikiishi porini popote. Kimekaa na binadamu kwa muda mrefu mno. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Allium vavilovii, anayeota kwenye miteremko ya changarawe ya milima ya Kopet Dag, mpakani mwa Turkmenistan na Iran. Baridi kali, kiangazi kikavu kama tanuri, udongo haba. Mtu aliyekulia Gilgil anaweza kuiona picha hiyo kidogo, ila ile baridi hana.

Ukivitazama vyote hivi vitatu utaona kinachofanana: kila kimoja hungoja majira ya baridi yapite ndipo kiamke. Huku kwetu matunguu huamshwa na mvua. Hatukosi ardhi nzuri, tunakosa theluji.

Nungunungu hula matunguu hayo na hafi. Kwa nini mimi nisiyale?

Kwa sababu wewe si nungunungu. Tumbo lake na lako havikusoma darasa moja. Wanyama kadhaa wachimbaji hula matunguu yenye sumu kwetu, na hali hiyo hiyo kwa ndege na matunda fulani. Ukitumia nungunungu kama mwonjaji wako utajuta.

Mtoto ametafuna tunguu la porini. Nifanye nini?

Toa kilichobaki mdomoni, msukutue kwa maji, na mwende hospitali sasa hivi. Usingoje dalili. Usimtapishe kwa kumtia vidole wala maji ya chumvi. Maziwa, ambayo kila boma huamini yanaua sumu, hayaui sumu hizi, yanakuchelewesha tu.

Beba mmea wenyewe: tunguu, jani, ua kama lipo. Funga kwenye gazeti. Kwa daktari huo ni ushahidi mkubwa kuliko maelezo yako.

Sumu za ukoo wa ua jekundu huleta mate mengi, kutapika na kuhara. Za Drimia, juu ya hayo, hufanya mapigo ya moyo yaende ovyo au polepole. Anayetisha zaidi ni yule mtambaazi wa kwenye ua wa miti, Gloriosa superba, mwenye maua mekundu yenye ukingo wa njano uliokunjamana kama miali ya moto. Kiazi chake kimepinda kama vidole viwili vilivyotanuliwa, hakifanani sana na kitunguu, lakini watoto hukichimba wakidhani ni kiazi kitamu au muhogo mwembamba. Kina ile ile kolchisini ya Ulaya. Dalili zake zaweza kuchelewa saa kadhaa, mtoto anacheza kama kawaida, nawe unasema ameponyoka. Kwa hiyo hata akicheza, mpeleke.

Nyanya yangu alitumia "kitunguu cha porini" kama dawa. Alikosea?

Simbishii nyanya wa mtu. Matunguu haya yametumika kwa dawa Afrika nzima, na si Afrika tu. Ndugu yao wa Mediterania, Drimia maritima, alitumika karne nyingi kwa ugonjwa wa moyo na wa kujaa maji mwilini. Huyo huyo, aina yake nyekundu, alitumika kuua panya. Mmea mmoja, kazi mbili, na kilichozitenganisha ni kipimo.

Nyanya alijua mmea upi, kipande gani, mwezi gani, kiasi gani, na pengine alikuwa akipaka nje tu. Wewe umerithi jina. Jina peke yake halitoshi, hasa jina kama "kitunguu cha porini", ambalo Njoro ni mmea huu, Vihiga ni ule, na kwenye chupa ya muuzaji wa stendi ni majaliwa. Na ukiwa tayari unameza dawa za moyo au presha, tafadhali kaa mbali kabisa.

Je, naweza kupanda vitunguu pori vya Ulaya au Amerika hapa?

Kuingiza mbegu au tunguu kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka huko, siyo ukishafika uwanja wa ndege. Hilo kwanza, maana vitunguu hubeba magonjwa ya udongo.

La pili, hata ukipata kibali, zile spishi za msituni hazitakufurahia. Mbegu ya Allium tricoccum hungoja joto, kisha baridi ya miezi, ndipo iote vizuri. Utaiweka kwenye friji? Wako wanaofanya hivyo. Na ukishaiotesha, tunguu litasubiri baridi nyingine kila mwaka, na Nakuru, pamoja na kuwa kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, haina majira ya baridi ya namna hiyo. Kisumu, mita 1,130, ndiyo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu. Jamaa alinipa mbegu za kitunguu cha kawaida alizonunua Uingereza. Sikuuliza habari za kibali, nilipaswa kuuliza. Nikasia, nikahamisha, nikapalilia. Majani yakafika magotini, ya kijani yenye afya, majirani wakiyasifu. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Chini hakuna kitu, shingo nene tu kama liki. Mwezi wa nane nikang'oa nikawalisha kuku, na kuku wakakataa.

Sababu ni mwanga. Kitunguu huhesabu saa za mchana. Aina za kaskazini hungoja mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo zianze kutengeneza tunguu. Sisi tuko kwenye ikweta: mstari wenyewe unapita Maseno, na sisi wa Nakuru tuko hatua chache kusini yake. Mchana wetu ni saa 12 na dakika kidogo, Januari hadi Desemba. Vile vitunguu vyangu vilingojea mchana mrefu ambao hauji. Ndiyo maana wakulima wa huku hupanda aina za mchana mfupi kama Red Creole, ambazo hazidai hayo.

Ukitaka kitu chenye asili ya pori na kinachokubali huku, chukua kile kidogo cha majani membamba kama majani ya nyasi, yenye tundu ndani, Allium schoenoprasum. Ndiyo spishi pekee ya vitunguu iliyozaliwa porini pande zote mbili za Atlantiki, kwa hiyo si mchaguzi. Kwenye kopo la rangi la lita nne, udongo mwepesi wenye mbolea ya samadi iliyooza, jua la asubuhi. Unakata, yanarudi. Kisumu kipe kivuli cha mchana. Kitunguu majani cha kawaida nacho hakina matata.

Ng'ombe wangu wanaweza kula vitunguu au matunguu ya porini?

Matunguu ya porini, wazuie. Wengi wao huyaruka wenyewe malisho yakiwepo, lakini mwisho wa kiangazi, mvua ya kwanza ikichipuza kijani hicho cha kwanza, njaa haichagui.

Vitunguu vya sokoni je? Watu hudhani havina neno kwa kuwa sisi tunakula. Mwaka mmoja bei ilianguka, nikapewa bure magunia mawili yaliyoanza kuoza. Nikamwagia ng'ombe wangu, nikijiona mjanja. Siku ya kwanza maziwa yalinuka kitunguu mpaka kwenye chai, na mnunuzi akanirudishia ndoo bila kusema neno. Siku chache baadaye mkojo wa ng'ombe ukawa rangi ya strungi, na ndani ya jicho pamekuwa peupe kama karatasi. Daktari wa mifugo alieleza kwamba vitunguu vingi huvunja chembe nyekundu za damu ya ng'ombe. Alipona, lakini kwa wiki kadhaa. Kondoo na mbuzi huvumilia zaidi. Mbwa na paka huvumilia kidogo sana, kwa hiyo ule mchuzi uliobaki wenye vitunguu usimpe mbwa.

Naruhusiwa kuchimba mimea hii Menengai au ndani ya mbuga?

Ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, hapana, hata ua moja. Msitu wa Menengai uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na kuchimba mmea wa kupeleka nyumbani kunahitaji ruhusa. Kwenye shamba lako ni lako. Kabla ya kulima ardhi mpya, ukiona maua hayo, yahamishe kwanza. Tutayapokea.

Nina ua jekundu la mviringo mlangoni kwangu. Baada ya kusoma haya, niling'oe?

Usiling'oe. Lina uzuri wake, halidai maji, na kila mwaka litakukumbusha vizuri kuliko kalenda ya ukutani siku mvua zilipoanza. Watu wengi wa Nakuru wanalo bila kujua lina sumu, na hakuna kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyelichimba.

Lipande mahali watoto wadogo na mbuzi hawafiki, mbali na kitalu cha mboga. Ukihamisha tunguu, vaa glavu au funga mfuko mkononi, lizike shingo ikiwa sawa na udongo, udongo unaopitisha maji, na usilimwagilie kiangazi, limelala. Andika jina kwenye kijiti ukichomeke hapo, kwa ajili ya mfanyakazi mpya au mgeni atakayekuja kulima.

Na likiwa bado nje ya udongo likingoja kupandwa, usiliweke kwenye kapu moja na vitunguu vya kupikia. Hilo tumeliona likitokea mara mbili, na mara moja lilikuwa limeshafika kwenye ubao wa kukatia.